Nani Alilala Ndani ya Chandarua Hiki?

"Jana usiku kuna mtu yeyote aliyelala ndani ya chandarua hiki?" Swali hilo huulizwa chandarua chenyewe kikiwa kinaonekana, mara nyingi ndani ya chumba cha kulala, na mtu ambaye muda mfupi uliopita alikuwa mgeni anayepiga hodi. Akijibiwa ndiyo, mdadisi haishii hapo. Anarudi kwenye orodha ya wanakaya aliyoiandika mwanzoni, kila mmoja na namba yake, anataka kujua ni nani hasa: baba, mama, kitinda mimba, bibi, mpwa aliyeletwa kusoma mjini. Kikiwapo chandarua cha pili, swali linaanza upya. Cha tatu, vivyo hivyo.

Majibu ya namna hiyo, pamoja na tone la damu kutoka kidole cha mtoto, ndiyo yanayozaa asilimia ambazo baadaye husomwa na waziri jukwaani na kuandikwa na magazeti siku inayofuata. Maambukizi ya malaria Tanzania yameshuka hadi asilimia 8.1. Tabora inaongoza kwa asilimia 23. Mwananchi husikia, hutikisa kichwa, kisha anaendelea na shughuli zake, kana kwamba namba hizo zimetoka kwenye mashine fulani Dodoma. Hazikutoka kwenye mashine. Zimetoka majumbani, kwa njia yenye nguvu kubwa na udhaifu wake pia, na anayeijua njia hiyo husikiliza taarifa ya waziri kwa masikio mengine.

Ni kweli kwamba zahanati na hospitali zina madaftari, na siku hizi taarifa zao huingizwa kwenye mfumo wa kompyuta wa wizara kila mwezi. Lakini daftari la zahanati linamjua tu aliyefika zahanati. Mtoto aliyepewa panadol akapona halimjui, wala yule aliyenunuliwa dawa duka la dawa la jirani, wala yule anayetembea na vimelea mwilini bila homa yoyote. Tena kwa miaka mingi madaftari hayo yaliandikwa kwa kubahatisha: kila homa iliitwa malaria. Utafiti uliofanyika Dar es Salaam na Ifakara kwa watoto 1,005 waliofika kutibiwa homa, ukachapishwa mwaka 2014, uliwakuta na malaria takriban mmoja tu kati ya kumi. Wengi wa waliobaki walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa, mengi yakiwa ya virusi. Nchi inayotegemea daftari peke yake ingehesabu mafua na kuyaita malaria.

Ndiyo maana mwanzoni mwa miaka ya 2000, baada ya viongozi wa Afrika kukutana Abuja Aprili 2000 na kuahidi kupunguza vifo vya malaria, wataalamu walikubaliana kutengeneza dodoso moja linaloweza kutumika nchi yoyote. Ahadi za Abuja zilikuwa na namba ndani yake: kufikia mwaka 2005, angalau asilimia 60 ya watoto wadogo na wajawazito wawe wanalindwa. Namba bila kipimo ni maneno matupu. Zambia, Angola na Senegal zilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kufanya utafiti wa viashiria vya malaria, kuanzia mwaka 2006. Kenya ilifuata mwaka 2007, Uganda mwaka 2009. Tanzania ilipitia mlango mwingine: katika utafiti wa mwaka 2007-08 iliunganisha maswali ya malaria na yale ya UKIMWI, na kwa mara ya kwanza watoto walipimwa vimelea wakiwa nyumbani kwao, nchi nzima. Tangu hapo zoezi limerudiwa mwaka 2011-12, 2015-16, 2017 na 2022, chini ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu na Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali Zanzibar, pamoja na wizara za afya za pande zote mbili.

Utafiti wa 2022 ulifanyika hivi. Nchi ilikuwa tayari imegawanywa katika maeneo madogo ya kuhesabia watu yaliyochorwa kwa ajili ya sensa ya 2012. Kati ya hayo yakachaguliwa maeneo 629, kwa bahati nasibu inayozingatia kila mkoa na tofauti ya mjini na kijijini. Katika kila eneo, timu ilipita kwanza kuorodhesha kaya zote, moja baada ya nyingine, kisha zikachaguliwa kaya 26 kwa bahati nasibu tena. Zilizopangwa zilikuwa kaya 16,354. Zilizohojiwa mwishoni zilikuwa 15,705. Wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 waliohojiwa walizidi 15,000.

Kaya 15,705 katika nchi ambayo sensa ya mwaka huohuo ilihesabu watu milioni 61.7. Mtu anaposikia hivyo huuliza, na ana haki ya kuuliza, mbona kwangu hawakufika? Kutofikiwa kwake hakuharibu kitu, mradi kila kaya ilikuwa na nafasi yake inayojulikana ya kuchaguliwa. Kinachoharibu ni kubadilisha kaya. Mdadisi akikuta nyumba imefungwa haruhusiwi kuhamia nyumba ya pili yenye watu; anapaswa kurudi tena, na tena, kwa saa na siku tofauti. Sheria hiyo inachosha, hasa pale gari linaposubiri na jua linazama. Lakini fikiria bonde la Kilombero msimu wa mpunga. Familia nyingi huhamia vibanda vya shambani kwa wiki au miezi, wakilala karibu na maji yaliyotuama na mbali na zahanati. Hao ndio nyumba zao hukutwa zimefungwa, na ndio wanaoumwa na mbu kuliko wote. Mdadisi akiwaruka na kumhoji mwenye duka aliyepo nyumbani siku nzima, malaria ya kijiji hicho itapungua kwenye karatasi tu.

Kabla ya hodi kuna kazi nyingine, ya kuaminiwa. Timu hujitambulisha kwa viongozi wa wilaya na kata, kisha kwa mwenyekiti wa kijiji au mtaa, kisha kwa mwenyekiti wa kitongoji ambaye mara nyingi ndiye anayewaongoza nyumba kwa nyumba. Katika Afrika Mashariki hofu ya mumiani, watu wanaodaiwa kunyonya damu za wenzao, ina umri mkubwa kuliko wizara zote za afya. Mtu anayefika kijijini na gari la serikali, glavu na vifaa vya kutoboa vidole vya watoto lazima ajieleze vizuri. Mzazi husomewa maelezo ya idhini: damu itatolewa kiasi gani, itapimwa nini, majibu atapewa nani. Ana haki ya kukataa, na akikataa mtoto hapimwi. Wengi hukubali, na pengine sababu kubwa ni kwamba mzazi wa mtoto mdogo anataka kujua hali ya mwanawe, na kipimo hiki humpa jibu hapohapo mkekani.

Turudi kwenye vyandarua, maana hapo ndipo dodoso linapoonyesha ufundi wake.

Ingekuwa rahisi kuuliza "Je, mnatumia chandarua?" Kila mtu angesema ndiyo. Miaka ya redio na mabango, kuanzia Zinduka! Malaria Haikubaliki hadi Ziro Malaria Inaanza na Mimi, imemfundisha kila Mtanzania jibu lipi ni zuri. Kwa hiyo dodoso haliulizi tabia, linauliza jana usiku. Linaomba chandarua kionyeshwe. Linauliza kilipatikana lini, kwa kununua au kwa kugawiwa, ni cha aina gani, kisha nani alilala ndani yake. Kumbukumbu ya jana haina nafasi kubwa ya kujipamba. Na kwa kuwa majina ya waliolala nyumbani yameshaandikwa, kompyuta inaweza kutenganisha mambo matatu ambayo midomoni mwetu huwa ni jambo moja: kaya kuwa na chandarua, kaya kuwa na vyandarua vya kutosha watu wake, na watu kulala ndani ya hivyo walivyonavyo.

Tofauti hiyo ni ya uhai. Utafiti wa 2017 ulikuta asilimia 78 ya kaya zina angalau chandarua kimoja chenye dawa. Namba nzuri. Lakini ukichukulia kwamba chandarua kimoja hutosha watu wawili, waliokuwa na nafasi ya kulala ndani ya chandarua walikuwa kama asilimia 63 tu ya watu wote. Na waliolala kweli, usiku ule wa kuamkia mahojiano, walikuwa kama asilimia 52. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya wasiolala ndani ya chandarua hawakuwa wabishi wala wajinga. Hawakuwa na nafasi. Mara ngapi tumesikia kiongozi akiwalaumu wananchi kwa kutotumia vyandarua, au kwa kuvulia dagaa na kuzungushia bustani ya mchicha? Uvuvi wa vyandarua upo, Ziwa Tanganyika unajulikana sana, na una madhara kwa samaki wachanga. Hata hivyo takwimu za nyumbani zinasema pengo kubwa la Tanzania ni upungufu. Familia ya watu saba yenye vyandarua viwili inachagua nani abaki nje, na mara nyingi ni watoto wakubwa.

Takwimu hizo pia zilifichua jambo ambalo bila kurudia utafiti lisingeonekana. Mwaka 2007-08, kaya zenye chandarua chenye dawa zilikuwa asilimia 39, zama za Hati Punguzo, ambapo mjamzito alipewa hati kliniki akanunulia chandarua dukani kwa kuongeza kiasi kidogo. Kisha zikaja kampeni kubwa za kugawa bure: kwanza kwa watoto wa chini ya miaka mitano, halafu mwaka 2010 na 2011 kwa kila sehemu ya kulala. Utafiti wa 2011-12 ukakuta asilimia 91. Nchi chache Afrika zilikuwa zimefika hapo. Miaka minne baadaye, mwaka 2015-16, zilikuwa zimerudi asilimia 66.

Vyandarua vilienda wapi? Vilichakaa. Viwanda huhesabu chandarua kidumu miaka mitatu, lakini watafiti waliovifuatilia vyandarua katika nyumba za Tanzania walikuta aina walizozipima zikidumu kwa kawaida miaka miwili hadi miwili na nusu hivi. Kitanda cha kamba kinakwaruza, mshumaa unatoboa, panya wanatafuna, mikono inafua kwa nguvu. Kampeni moja kubwa ikipita na kuondoka, kinga nayo huondoka taratibu bila yeyote kutangaza. Tanzania ilikuwa tayari imeanza kugawa vyandarua kupitia shule za msingi, mwaka 2013, ikianzia mikoa ya Lindi, Mtwara na Ruvuma, ili viwe vinaingia majumbani kila mwaka badala ya kusubiri kampeni. Hapa ndipo utafiti wa kaya unapolipa gharama zake: unaonyesha shimo kabla halijawa kaburi.

Sasa damu.

Wanaopimwa ni watoto wa miezi 6 hadi 59. Chini ya miezi sita mtoto bado ana kinga aliyotoka nayo kwa mama, na wataalamu huona kipimo chake kingepotosha hesabu. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja hutobolewa kisigino, aliyezidi hapo hutobolewa kidole. Tone moja huenda kupima wingi wa damu, maana upungufu mkali wa damu ni kivuli cha malaria ya muda mrefu. Tone jingine huwekwa kwenye kipimo cha haraka, kile kijikaratasi ndani ya plastiki nyeupe ambacho siku hizi kipo kila zahanati. Baada ya dakika 15 hadi 20 mistari inaonekana. Mtoto akikutwa na vimelea bila dalili za hatari, hupewa dawa mseto ya ALu kwa mujibu wa mwongozo wa matibabu. Akiwa na dalili kali, hupewa barua ya rufaa aende kituo cha afya haraka. Mdadisi wa afya aliyemkuta mtoto ana vimelea na kuondoka bila kufanya lolote angekuwa amefanya kosa la kibinadamu, na utaratibu hauruhusu hivyo.

Kipimo cha haraka hakioni kimelea chenyewe. Kinanasa protini ambayo kimelea huiacha kwenye damu, na protini hiyo hubaki wiki kadhaa baada ya mtoto kupona. Hadubini huona kimelea, lakini inahitaji jicho lenye uzoefu, na vimelea vikiwa vichache huvikosa. Ndiyo maana mwaka 2011-12, kati ya watoto walewale, kipimo cha haraka kilitoa asilimia 9 na hadubini asilimia 4. Zote mbili ni kweli, kila moja kwa swali lake. Mtu anayechukua namba ya hadubini ya nchi moja akailinganisha na namba ya kipimo cha haraka ya nchi nyingine anajidanganya, na kosa hilo lipo kwenye mijadala mingi ya Kenya na Tanzania, kwa kuwa Kenya hupenda kutangaza hadubini na Tanzania kipimo cha haraka.

Kwa kipimo cha haraka, Tanzania Bara ilianza na asilimia 18 mwaka 2007-08. Ikashuka hadi karibu asilimia 10 mwaka 2011-12, ikapanda kupita 14 mwaka 2015-16, ikashuka hadi kati ya 7 na 8 mwaka 2017, kisha 8.1 mwaka 2022. Mstari huo haukunyooka, na kila mpindo wake una mvutano wa maelezo. Kupanda kwa 2015-16 kunaendana na kuchakaa kwa vyandarua. Kushuka kwa 2017 kunaendana na vyandarua vipya vilivyogawiwa. Lakini kuna jambo jingine ambalo taarifa za magazetini hulisahau: msimu. Utafiti wa 2015-16 ulianza Agosti ukaisha Februari. Ule wa 2017 ulifanyika Oktoba hadi Desemba. Ule wa 2022 ulianza mwishoni mwa Februari ukaisha Julai, ukipita katikati ya masika na kipindi kinachofuata ambapo malaria hushamiri. Kwa hiyo tofauti ndogo kati ya 2017 na 2022 isichukuliwe kwamba ugonjwa umeongezeka, wala isiwe kisingizio cha kusema hali ni ileile. Inasema tu kwamba kushuka zaidi hakukuonekana. Mpango mkakati wa taifa ulilenga kushusha maambukizi hadi asilimia 1 kufikia mwaka 2020. Uliofuata ukalenga chini ya 3.5 kufikia 2025. Utafiti wa 2022 ulionyesha kwamba lengo la kwanza lilikosekana kwa mbali.

Majirani wana hadithi zao. Uganda mwaka 2009 hadubini iliwakuta asilimia 42 ya watoto wa chini ya miaka mitano na vimelea. Mwaka 2014-15 walikuwa asilimia 19, na mwaka 2018-19 asilimia 9, baada ya mawimbi mawili ya kugawa vyandarua nchi nzima. Kenya, eneo la Ziwa Victoria lilikuwa na asilimia 38 mwaka 2010, 27 mwaka 2015 na 19 mwaka 2020, wakati wastani wa nchi ulitoka 11 hadi 8 hadi 6. Hata huko msimu uliingilia: tafiti za 2010 na 2015 zilifanyika kuanzia Julai, ule wa 2020 ukafanyika Novemba na Desemba.

Wastani wa nchi, kwa kweli, haumhusu mtu yeyote. Viwango vya mikoa hutofautiana sana. Mwaka 2017 Kigoma ilikuwa na asilimia 24, Geita 17, huku Arusha, Kilimanjaro na Manyara zikiwa chini ya asilimia 1. Mwaka 2022 Tabora ilishika nafasi ya kwanza kwa 23, ikifuatwa na Mtwara 20, Kagera 18, Shinyanga 16 na Mara 15. Kigoma ilitoka kileleni. Hapo ndipo mikoa huanza kupongezwa na mingine kukemewa kana kwamba ni ligi ya mpira, na hapo ndipo uangalifu unahitajika zaidi.

Chukua mfano wa kubuni. Mkoa umepimwa watoto 200 na 46 wamekutwa na vimelea. Hiyo ni asilimia 23. Kwa hesabu za sampuli, ukweli wa mkoa mzima unaweza kuwa popote kati ya asilimia 17 na 29 hivi. Na kwa kuwa watoto hao hawakutoka kila kona ya mkoa bali vijiji na mitaa michache iliyochaguliwa, na watoto wa kijiji kimoja huumwa na mbu walewale, uwanda huo unapanuka zaidi. Mkoa wenye 20 na mkoa wenye 18 huenda iko sawa kabisa. Mganga mkuu wa mkoa asivuliwe cheo kwa nukta mbili. Tena ndani ya mkoa mmoja kuna halmashauri yenye mwinuko na baridi, na nyingine yenye mabonde ya mpunga. Utafiti wa kaya hauna watoto wa kutosha kuzitenganisha. Wizara inajua hilo, na ndiyo sababu inapozipanga halmashauri kwa viwango vya hatari huchanganya vyanzo vingine: vipimo vya zahanati, vipimo vya wajawazito wanaofika kliniki kwa mara ya kwanza, na vipimo vya shuleni.

Zanzibar ni upande wa pili wa tatizo hilohilo. Tangu utafiti wa 2007-08 maambukizi huko yamekuwa chini ya asilimia 1, matunda ya dawa mseto, upuliziaji wa dawa ukoko na vyandarua. Kwa kiwango hicho utafiti wa kaya unaishiwa nguvu. Unaweza kupima mamia ya watoto usimpate hata mmoja. Zanzibar ikachukua njia nyingine: kila mgonjwa anayethibitishwa kituoni huripotiwa kwa simu, na mhudumu humfuata nyumbani kupima wanaoishi naye na kuuliza kama alisafiri. Mfumo huo ndio ulioonyesha ongezeko la wagonjwa mwishoni mwa mwaka 2023 na mwanzoni mwa 2024, jambo ambalo utafiti wa kila baada ya miaka minne au mitano ungelikuta limeshapita.

Lakini udhaifu mkubwa kuliko wote uko kwenye umri. Kupima watoto wa chini ya miaka mitano kulikuwa na sababu nzito: hao ndio malaria huwaua zaidi. Miaka ishirini ya vyandarua na huduma za kliniki imewalinda wao kwanza, na kimelea kimehamia kwa kaka na dada zao. Mwaka 2014-15 wanafunzi karibu 50,000 wa shule za msingi Tanzania Bara walipimwa, na asilimia 21.6 walikutwa na vimelea. Katika halmashauri moja ilikuwa zaidi ya asilimia 76. Wengi wa watoto hao hawakuwa na homa. Walikuwa darasani, wakisinzia, damu ikipungua polepole, na kila jioni mbu wakichukua kwao kimelea na kukipeleka kwa mdogo wao nyumbani. Linganisha na zaidi ya asilimia 14 ya watoto wadogo katika utafiti wa kaya wa kipindi hichohicho. Kenya ililiona hilo mapema. Utafiti wake hupima watoto hadi miaka 14, na maambukizi huwa juu zaidi kwa waliokaribia kubalehe kuliko kwa wachanga.

Haya yote yana gharama, na kwa muda mrefu mlipaji mkubwa alikuwa Marekani. Mpango wa tafiti za demografia na afya ulianzishwa na shirika lake la misaada mwaka 1984, ukasaidia nchi zaidi ya 90, na malaria ikaingia humo kwa nguvu hasa baada ya Mfuko wa Rais wa Marekani wa Kupambana na Malaria kuanza mwaka 2005, Tanzania ikiwa miongoni mwa nchi tatu za kwanza. Februari 2025 Marekani iliusitisha mpango huo wa tafiti ghafla. Tafiti zilizokuwa katikati zilikwama, na milango ya takwimu zilizokusanywa kwa miongo minne, ambazo mwanafunzi yeyote wa Muhimbili au Makerere angeweza kuziomba bure, ikafungwa kwa waombaji wapya. Gates Foundation ilijitokeza baadaye kusaidia baadhi ya kazi zikamilike.

Somo la bajeti hapo ni gumu lakini liko wazi. Tanzania imekuwa ikinunua dawa, vyandarua na vipimo huku macho ya kuangalia kama vinafanya kazi yakiwa ya kuazima. Ofisi ya Taifa ya Takwimu ina wadadisi waliofundishwa kila mkoa, ina maeneo mapya ya kuhesabia watu kutoka sensa ya 2022, na dodoso la Kiswahili limeshajaribiwa mara tano. Fungu la utafiti wa malaria kila baada ya miaka mitatu liingizwe kwenye bajeti ya serikali kama lilivyo fungu la dawa, timu zitoke katika miezi ileile kila mara ili namba zilinganishwe kwa haki, na umri wa kupima upandishwe hadi miaka 14. Mdadisi tayari ameketi pale ukumbini, kipimo kiko mkononi, na mtoto wa darasa la tatu anachungulia mlangoni wakati mdogo wake anatobolewa kidole. Apimwe naye.